Aliyeanza na Punda Wake

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, ipunguzie moto. Kama unapiga pasi, iweke pembeni. Jioni hii nina habari ya mtu mmoja, na habari yenyewe haijaisha. Itaisha kesho saa nne asubuhi, au itabaki hivyo hivyo na aibu yake.

Mtu huyo alifariki Jumatatu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa fundi wa vyuma, mwenye karakana ya mlango wa bluu nyuma ya bohari ya mbao. Mlimwita Fundi Kwato. Wengi mliompelekea mageti na bawaba zenu mlidhani jina hilo ni la utani tu. Si utani. Ni kwato kweli, kwato za punda. Miaka thelathini na nne iliyopita, wakati wa vita, mtu huyu alikuwa askari, na kazi yake jeshini ilikuwa kutunza punda thelathini na mmoja.

Alifariki ameketi. Binti yake mkubwa, ambaye siku hizi ndiye anayeiendesha karakana, alimkuta kwenye kigoda chake, tupa ya kulainishia chuma ikiwa mapajani. "Nilidhani anasinzia," aliniambia binti. "Nikamwambia, baba, chai inapoa. Hakujibu. Nikasema, haya, mzee wa watu amechoka. Nikaendelea kuchomelea. Nimemaliza geti zima nikijua baba yuko nyuma yangu ananikagua."

Fundi Kwato aliacha ombi moja. Hakuliandika popote. Alilisema mezani, alilisema kazini, hadi wanawe wakalichoka. Alisema: "Nikifa, nibebwe na wenzangu wa kikosi. Mizigo yao nimeibebesha punda miaka mitatu. Na mimi nataka kubebwa mara moja."

Wenzake wa kikosi waliobaki hai ni wanne. Wote wanne wanaishi katika mji huu. Na wote wanne, wasikilizaji wapendwa, hawajampa mkono kwa miaka thelathini na nne.

Narudia, kwa waliofungulia redio sasa hivi. Amefariki Fundi Kwato, fundi wa vyuma. Aliomba abebwe na wenzake wanne wa vitani. Wenzake hao walimsusa tangu vitani. Mazishi ni kesho, saa nne. Nami nimekaa hapa kuwaeleza kwa nini walimsusa, na kwa nini walikosea.

Turudi milimani.

Kule walikopigana hakukuwa na barabara. Malori yaliishia chini ya mlima. Kutoka hapo, kila kitu kilipanda mgongoni mwa punda: unga, maji, risasi, betri za redio, mablanketi. Na kila kilichoshuka kilishuka mgongoni mwa punda: barua za kwenda nyumbani, na majeruhi. Askari walipanda na punda, wakalala na punda, wakanuka punda. Usiku wa baridi mtu alijibana kati ya punda wawili kama mtoto kati ya wazazi. Asubuhi hakuna aliyehitaji saa. Punda mmoja alianza, wengine wakaitikia, na kikosi kizima kikaamka kikitukana.

Fundi Kwato alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa wakati huo, ana mke nyumbani na binti wa miaka miwili. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa. Alipunguza kwato, alitibu vidonda vya mgongoni, alishona shogi, ile mifuko miwili mikubwa inayoning'inia ubavuni mwa punda. Kila punda alikuwa na jina. Kulikuwa na Mkurugenzi, aliyekataa kutembea mbele ya wengine. Kulikuwa na Kodi, kwa sababu hakuna aliyempenda na hakuna aliyemkwepa. Na kulikuwa na punda jike mmoja wa kijivu, mwenye sikio lililopasuka, ambaye fundi alimpenda waziwazi. Alimpa maganda ya chakula chake. Alimwita mama. Askari nao wakamwita Shemeji.

Mpishi wa kikosi, ambaye ni mmoja wa wale wanne, anakumbuka. "Ukipita asubuhi lazima umsalimie," aliniambia. "Shemeji, umeamkaje? Mumeo amekupa nini leo? Usipomsalimia, fundi ananuna, halafu mzigo wako anaufunga vibaya unaanguka njiani. Tulicheka sana. Mlimani kule kulikuwa na nini kingine cha kuchekea?"

Siku moja Shemeji alikula barua iliyotoka kwa mke wa fundi kabla haijasomwa. Kikosi kikasema wivu. Fundi akakaa siku tatu akijaribu kukisia barua ilisema nini, na kila askari akamletea toleo lake. Kinyozi wa kikosi ndiye aliyetoa toleo lililopendwa: "Mke wako anasema chagua moja."

Huyo kinyozi mkumbukeni. Alinyoa kikosi kizima kwa wembe mmoja na mkanda wa ngozi wa kuunolea. Nyumbani alikuwa na mke na geti la bati. Hakurudi.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kosa lilipoanza.

Mwaka wa pili wa vita, adui alisogea. Ikawa vikosi viwili vimetenganishwa na bonde moja tu. Sauti ya punda inavuka bonde. Ikaja amri kutoka juu: punda wakatwe sauti. Si wauawe. Wakatwe sauti, wabaki wabebaji bila mdomo.

Daktari wa mifugo wa jeshi akaja kwa siku moja. Akamwonyesha fundi kwa punda aliyekwisha kufa. Kisu kirefu, chembamba, kinapita mdomoni hadi kooni. Unagusa nyuzi mbili za sauti, kushoto na kulia. Nje haionekani hata alama. Daktari akaacha dawa ya ganzi kwenye chupa, akapanda farasi wake, akashuka. Kisu fundi alikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno wa chuma.

Amri ilisema kazi ianze baada ya chakula cha mchana. Sajini, kiongozi wa kikosi, naye mmoja wa wale wanne, angesimama na orodha. Lakini fundi hakungoja mchana. Asubuhi, watu wakiwa foleni ya chai, alikwenda kwa mpishi akaomba sufuria ya maji ya moto. Akamchukua Shemeji peke yake, nyuma ya turubai la jiko. Akamkata yeye wa kwanza.

Kwa nini yeye wa kwanza? Alimjibu binti yake miaka mingi baadaye. Alisema: "Nilijua nikimwacha wa mwisho, mkono utakataa. Nikasema nianze na wangu, ndipo nitakuwa na haki ya kuwagusa wa wengine." Na kwa nini kwa kujificha? "Sikutaka wanione nikilia juu ya punda. Wangenitania hadi vita viishe."

Narudia, wasikilizaji, maana jambo zima liko hapa. Alianza na punda wake. Alianza naye mkono ukiwa bado haujui kazi. Na hakuna aliyesema alimwona.

Mchana kazi ikafanyika mbele ya watu. Punda thelathini. Sajini akaweka alama kwenye orodha, akafika kwenye jina la Shemeji, akauliza, "Na huyu?"

"Tayari, afande," fundi akasema.

Kinyozi akadakia, "Mke wa mtu haguswi hadharani, afande." Kikosi kikacheka. Sajini naye akacheka, akaweka alama.

Kicheko hicho, ndugu zangu, kiligeuka kuwa ushahidi.

Baada ya siku ile kambi ilikuwa ngeni. Punda walifungua midomo asubuhi kama kawaida, shingo zimenyooka, mbavu zikipanda na kushuka. Ilitoka pumzi tu. Mpishi anasema ilikuwa kama mtu anayepuliza mkaa ulioloa. Watu wakaanza kuchelewa kuamka. Ikabidi Sajini ateue askari wa kuamsha wenzake. Na fundi, kila alfajiri, alisimama kando ya Shemeji, mkono wake mkubwa umewekwa juu ya pua ya mnyama, hadi kile kilio kisicho na sauti kipite. Alikuwa akimwomba radhi. Waliomwona walikuja kusema alikuwa akimziba mdomo.

Ikapita miezi sita. Kati ya punda thelathini na mmoja wakabaki tisa.

Asubuhi moja ya ukungu kikosi kilikuwa kinateremka kubadilisha nafasi. Watu hawasemi. Buti zimefungwa matambara. Upande wa pili wa bonde, punda wa adui akalia. Nao walikuwa na punda, nao walikuwa na wapishi na vinyozi. Punda wa adui akalia, kwa sababu ilikuwa asubuhi.

Na Shemeji akamjibu.

Sauti yake ilitoka imekwaruza, imepasuka, lakini ilitoka. Alilia hadi mwisho, kama punda anavyolia, bila haraka. Halafu bonde likafunguka kwa risasi. Robo saa tu. Wakafa watu saba. Kinyozi alikuwa wa tatu.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Mimi nasema waliosema hivyo hawakuwahi kubebwa. Siku ile Shemeji aliteremsha majeruhi wawili, mmoja baada ya mwingine, akapanda na kushuka chini ya risasi, akilia njia nzima, kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu cha kuficha. Mmoja wa majeruhi hao yuko hai. Ni wa tatu katika wale wanne. Wanamwita Mrefu. Mnamwona kila siku pale kwenye ngazi za posta, na gongo lake.

Jioni Sajini alimsimamisha fundi mbele ya waliobaki. Maneno yao nimeyasikia kutoka midomo miwili tofauti, nayo yanafanana.

"Ulimkata huyu?"

"Nilimkata, afande."

"Mbona analia?"

"Sijui, afande."

"Nani alikuona ukimkata?"

Fundi akamtazama mpishi. Mpishi akatazama chini.

"Umependa punda kuliko watu," Sajini akasema. Akampa bunduki yake mwenyewe. Shemeji alikuwa bado amefungwa machela mgongoni, damu ya watu haijaoshwa ubavuni. Fundi akamfungua machela. Akampeleka nyuma ya mwamba. Risasi ikasikika moja.

Vita viliisha mwaka uliofuata. Wakarudi katika mji huu, mtu na kwake. Na lile neno likarudi nao: amependa punda kuliko watu. Mlilisikia sokoni. Mlilisikia kwenye misiba ya kikosi, ambako fundi alifika, akakaa mwisho kabisa, na mtu aliyekuwa kando yake akahama. Binti yake alipoolewa, kadi nne zilipelekwa kwa wale wanne. Zilirudi zote, hata bahasha hazikufunguliwa. Mama yake binti, aliyetangulia miaka kumi iliyopita, alizihifadhi kwenye sanduku la vyombo. "Mama alikuwa akisema, karatasi nzuri hii, tutaiandikia kitu," binti aliniambia. Hazijaandikiwa kitu.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mjane wa kinyozi. Huyu mama anaishi mtaa wa tatu kutoka karakana. Alilea watoto watatu peke yake kwa cherehani moja. Kwa miaka thelathini na nne alipomwona fundi alivuka barabara. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningevuka.

Halafu, miaka sita iliyopita, akaja karakanani daktari wa mifugo, kijana tu, anataka kutengenezewa vyuma vya kuzuilia ng'ombe wakati wa chanjo. Wakazungumza. Fundi akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: punda akikatwa sauti, anaweza kulia tena?

Daktari akasema, "Anaweza, mzee. Nyama ya kooni inajirudi. Hasa kama aliyekata hakukata ndani sana. Miezi mitano, sita, sauti inarudi. Si kwa wote, lakini inarudi."

Binti alikuwepo. Anasema baba yake aliweka nyundo chini polepole kama anayeweka yai. Akauliza, "Na wa kwanza kukatwa, ndiye wa kwanza kurudi?"

Daktari akacheka. "Kama mkono wa mkataji ulikuwa bado mgeni, mzee, ndiyo hesabu yake."

Alianza na wake, wasikilizaji. Kwa kuwa alianza na wake, mkono ulikuwa mgeni. Kwa kuwa alianza na wake, sauti yake ilirudi kabla ya za wengine. Angempendelea, angemkata wa mwisho, mkono umezoea, na pengine watu saba wangerudi nyumbani. Uadilifu wake ndio uliomponza. Mimi nimelifikiria jambo hili wiki nzima na sijapata pa kuliweka.

Kesho yake fundi alivaa shati la kanisani, akaenda kwa mjane wa kinyozi. Alimkuta anafagia uwanja. Geti la bati lilipofunguka lilipiga kelele mtaa mzima ukageuka. Mama akaegemea ufagio.

"Umekuja kuniambia nini?" akamuuliza. "Mimi aliyemuua mume wangu namjua. Ndiyo maana nalala."

Fundi akasimama pale. Akatazama geti. Akasema, "Nimekuja kukusalimu tu, shemeji." Akaondoka.

Binti alikasirika. Aliniambia alimpigia baba yake kelele kwa mara ya kwanza maishani. "Nikamwambia, baba, una jibu mkononi, umekwenda mpaka mlangoni, umerudi nalo? Akaniambia, mwanangu, mtu akishapata pa kutua mzigo, usimwinulie tena kichwani. Yeye analala. Mimi nimeshazoea."

Akakataa kulizungumza tena. Lakini tangu wiki ile, wasikilizaji, geti la mjane halikulia tena.

Sasa nije wiki hii. Fundi alipofariki, binti yake alikuja hapa studio na nguo za kazi, uso una masizi. Akasema, "Kaka, baba alinyamaza kwa sababu zake. Mimi sina sababu hizo." Tukatoka pamoja.

Jumatano asubuhi tulikwenda kwa mpishi. Ana miaka sabini. Alitupikia chai mwenyewe, sukari ikamwagika mezani. Binti akamuuliza swali moja tu: asubuhi ile, kabla ya kazi ya mchana, baba alikuomba nini?

Mzee alisukuma kikombe chake pembeni. Sauti yake ninayo, imerekodiwa kwa ruhusa yake, na alisema hivi: "Maji. Sufuria moja, ya moto sana. Nilidhani ni ya kinyozi, ya kunyolea. Lakini kinyozi alikuwa foleni ya chai, namwona. Nikachungulia nyuma ya turubai. Nikamwona ameushika uso wa yule punda, analia yeye, punda ametulia. Kisu kiko kwenye sufuria yangu."

"Kwa hiyo ulijua," binti akasema.

"Nilijua."

"Na siku ile baba alipokutazama?"

"Mwanangu, watu saba walikuwa wamelazwa chini. Kila mtu anataka jibu. Sajini alishalitoa. Mimi ni nani nilinyang'anye jibu kundi la watu wenye bunduki?" Akafuta meza mahali palipokuwa pakavu. "Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili nikaona haya kwa kuwa niliogopa. Baada ya hapo, haya ikawa ndiyo mimi."

Nilitamani kumkaripia. Nilikwenda nimejiandaa, nina maneno makali kifuani. Nilipomwona anatafuta kitambaa cha kufutia sukari, maneno yakaniisha.

Jumatano mchana tulikwenda kwa Sajini. Ana miaka sabini na minane. Alitupokea kibarazani, amenyooka kwenye kiti cha plastiki kama yuko gwaride. Binti akamsalimia shikamoo, akamweleza yote: maji, turubai, daktari, miezi sita. Sajini hakumkatiza. Alipomaliza, mzee akasema, "Binti, niliwazika saba kwa mikono hii. Usiniletee punda."

"Sikuletei punda, baba. Nakuletea askari wako wa nane."

Sajini akatazama barabarani. Kisha akasema, "Umri wangu huu siwezi kubeba jeneza."

"Uweke mkono tu," binti akasema. "Uzito tutajua pa kuupeleka."

Sajini aliinuka akaingia ndani. Mrefu, yule wa gongo, tulimkuta posta, akasema atafanya atakachofanya Sajini. Wa nne haoni tena, amelala kitandani miezi miwili, alisema hivyo hivyo. Hata mpishi, baada ya yote aliyoyasema, alisema hivyo hivyo. Miaka thelathini na nne, ndugu zangu, na bado wanangoja amri.

Nikamsindikiza binti karakanani. Jeneza lilikuwa tayari, mbao nyepesi, na vishikio vya chuma alivichomelea mwenyewe. Nilivihesabu. Vilikuwa vinne.

"Dada, jeneza huwa na vishikio sita," nikamwambia.

"La baba lina vinne."

"Na wasipokuja?"

Akavua miwani ya kuchomelea, akaifuta kwa upindo wa koti. "Basi Jumamosi mtaona mzigo usio na wa kuubeba. Na wao walifundishwa na baba yangu kufunga mzigo."

Jana Alhamisi akaenda kwa mjane wa kinyozi. Alikwenda kwa hofu, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa hofu zaidi, maana sisi ndio tulikwenda kuuinua ule mzigo ambao fundi alikataa kuuinua. Binti alisukuma geti. Lilifunguka kimya.

Mama alisikiliza hadi mwisho, cherehani mbele yake, mguu bado uko juu ya kanyagio. Kisha akasema, "Hilo geti lilikuwa likilia tangu mume wangu alipolifunga. Miaka sita haliimbi. Mlidhani nilidhani ni malaika?"

Binti akageuka kulitazama geti.

"Alikuwa anakuja siku ya soko, akijua sipo. Mara ya kwanza nilikuwa nimeumwa, sikwenda. Nikamwona kupitia pazia, amepiga magoti na kopo la grisi, anapaka bawaba, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Toka hapo kila mwezi siku hiyo nilibaki nyumbani. Kila mwezi nilisema, leo natoka nimfukuze. Sikutoka. Kila mwezi nilisema, leo natoka nimpe kiti. Sikutoka." Akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Nimechoka, mwanangu. Kuchukia ni kazi kama kuteka maji. Unateka asubuhi, jioni pipa liko tupu, unateka tena."

Binti akalia. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo alianza na wa kwake?"

"Alianza na wa kwake."

"Na mume wangu alimtania kwa hilo."

"Ndiyo, mama."

"Angemtania tu," mama akasema. "Alikuwa hakosi neno." Na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kisha akauliza mazishi ni saa ngapi. Akauliza vishikio ni vingapi, na cha yule wa kitandani kitashikwa na nani. Akaomba aelekezwe nyumba za wale wanne, moja moja, ingawa kwa miaka yote hii anazijua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nawapa pole watoto wa Fundi Kwato, wajukuu wake, na mafundi wote wa karakana ya mlango wa bluu. Nawapa pole pia familia saba ambazo msiba wao wa miaka thelathini na nne umefunguliwa tena jioni hii bila kuulizwa. Mtusamehe. Na ninyi mlioko majumbani, kabla ya kulala mtafakari: ni nani mliyemtwika kosa, si kwa kuwa mlimwona akilitenda, bali kwa kuwa mlihitaji pa kulitua? Kama bado yu hai, mlango wake mnaujua.

Sina mengi tena. Nina neno moja kwa mzee mmoja.

Sajini, najua unanisikiliza. Niliiona redio yako dirishani juzi, na mshale wa masafa ulikuwa kwenye kituo chetu. Kesho saa mbili asubuhi utasikia mtu anagonga. Mpishi ameshagongewa leo mchana, na ameshavaa. Atakayekugongea ni mjane wa kinyozi. Amesema nikuambie hivi, naye hakuniongezea neno: "Mwambie ninakuja kumchukua. Tumbebe huyu mtu, tupumzike."